Kuhesabu Orodha Si Kazi ya Mtoto

Nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa, na wale mnaonijua mnajua kwamba nikinyamaza basi ama kazi imenibana ama kuna hasira inachemka. Safari hii ni vyote viwili.

Juma lililopita nilikuwa Wote, Makueni, nikizungumza na vijana wanaojifunza kuandika programu. Nikawatupia swali dogo: "Mna orodha ya familia zinazongoja mbegu. Mtajuaje ziko ngapi?" Kijana mmoja mwenye kofia akacheka. "Mwalimu, si hiyo ni len() tu?" Wenzake wakacheka naye. Nami nikacheka, kwa adabu. Lakini nilipanda matatu ya kurudi Kitui moyo ukiwa mzito, kwa sababu kijana yule alisema neno lile lile nililokuwa nikilisema mimi kabla ya Oktoba 2022.

Kwa asiyejua, len() ni amri ya lugha ya Python inayokwambia orodha ina vitu vingapi. Katika PHP amri hiyo ni count(). Katika JavaScript unaandika length. Unaipa orodha, inakupa nambari. Haichoki, haisinzii, haipotezi kalamu. Na hapo ndipo tunapodanganyika. Kwa kuwa kompyuta (tarakilishi, kama mwalimu wangu wa Kiswahili alivyotulazimisha kuiita) haikosei kujumlisha, tunadhani haiwezi kukosea kuhesabu. Jamani, kujumlisha na kuhesabu ni kazi mbili. Leo nataka kugombana na kila mtu anayezichanganya, na wa kwanza ni mimi mwenyewe.

KISA CHENYEWE

Mwaka 2022 mvua ilikuwa imetuangusha Ukambani msimu baada ya msimu, tangu mwisho wa 2020. Shirika moja dogo, ambalo sitalitaja, liliamua kugawa mbegu za mtama, ndengu na mbaazi kabla ya mvua za vuli. Kwetu mvua za vuli ndizo za kutegemea. Ukizikosa hizo, mwaka umekupita. Watu wa kujitolea wakaandikisha familia pande mbili za mto Athi: 340 upande wa Mutomo, Kaunti ya Kitui, na 260 upande wa Kathonzweni, Kaunti ya Makueni. Jumla 600. Kazi ya kutengeneza programu ya orodha nikapewa mimi.

Ilikuwa kazi ya siku tatu. Skripti yangu ilisoma karatasi zile zilizochapwa na kuandika faili ya PHP, kila familia na mstari wake: jina, nambari ya kitambulisho, kijiji, na msimbo wa kaunti. Misimbo ya kaunti mnaijua. Iko 47, kuanzia Mombasa 001 hadi Nairobi 047. Kitui ni 015, Machakos 016, Makueni 017. Niliiandika kama serikali inavyoiandika, na sifuri yake mbele. Nikaijaribu kwa familia za kubuni nilizoziweka Mombasa na Kwale, 001 na 002. Ikafanya kazi kama saa. Nikalala usingizi mzuri.

Ripoti ikatoka. Juu kabisa: "Jumla ya familia: 600." Chini yake mistari miwili, kwa sababu shirika lilifanya kazi katika kaunti mbili tu. Kitui: 260. Makueni: 0.

Watu wanne waliisoma ripoti ile kabla ya lori kuondoka. Wote wanne waliiona 600 pale juu, wakaridhika. Kuhusu ile sifuri ya Makueni, mmoja alisema labda karatasi za Kathonzweni hazijachapwa, watashughulikiwa awamu ya pili. Hakuna aliyejumlisha 260 na 0. Mimi mwenyewe sikujumlisha. Kwa nini nijumlishe? Si kompyuta imeshahesabu?

Lori likaenda Mutomo na pakiti 260 na orodha yenye majina 260, nami nikiwa mbele pamoja na dereva. Watu walikuwa wameketi chini ya mti tangu alfajiri. Mwenyekiti wa kikundi akaanza kusoma majina. Jina la kwanza, kimya. La pili, kimya. La tatu, kimya. Alipofika la kumi akaweka karatasi chini, akaniangalia. "Kijana," akasema, "hawa si watu wetu. Vijiji hivi viko ng'ambo ya mto."

Kisha likasomwa jina, na bibi mmoja akasimama. Mnajua majina ya kwetu yanavyorudi: mtoto hupewa jina la babu au la nyanya, kwa hiyo kijiji kimoja kinaweza kuwa na akina Mwende saba na akina Mutua kumi. Susu yule alikuwa na jina lile lile la mwanamke wa Kathonzweni. Akatoa kitambulisho chake kutoka kwenye kitambaa alichokifunga fundo. Karani akalinganisha nambari. Hazikufanana. Akamwambia, kwa upole, kwamba si yeye.

Susu akaniangalia mimi, kwa sababu ndiye niliyekuwa na kompyuta. "Mwanangu," akasema, "jina ni langu. Kitambulisho ni changu. Waliniandika mbele ya macho yangu. Sasa mashine inasema mimi siko?"

Sikuwa na jibu. Kanuni za shirika zilikataza kutoa pakiti kwa mtu asiye kwenye orodha, na kwa orodha ile hakukuwa na mtu hata mmoja wa Mutomo. Lori likageuka na mbegu zake zote.

Usiku ule nilijumlisha. 260 na 0 ni 260. Ziko wapi 340?

SIFURI ILIYOKULA KAUNTI

Haya, sasa fundi aongee. Katika lugha nyingi za programu zilizofuata nyayo za C, nambari iliyoandikwa na sifuri mbele haisomwi kwa makumi kama tunavyosoma sisi. Inasomwa kwa manane. Hii ni desturi ya mashine za miaka ya 1960 na 1970, na hadi leo ukitoa ruhusa za faili kwa 755 kwenye Linux unahesabu kwa manane. Katika hesabu hiyo tarakimu ni 0 hadi 7 tu, na nafasi ya pili kutoka kulia ni ya manane badala ya makumi.

Kwa hiyo 017 ni nane moja na saba, yaani 15. Na 015 ni nane moja na tano, yaani 13.

Mmeona? Niliandika Makueni 017, kompyuta ikasoma 15, na 15 ni Kitui. Niliandika Kitui 015, kompyuta ikasoma 13, na 13 ni Tharaka-Nithi. Familia zote za Makueni zikahamia Kitui bila kuvuka mto. Familia zote za Kitui zikahamia Tharaka-Nithi, kaunti ambayo shirika halikuwa na kazi nayo, na kwa kuwa ripoti yangu ilichapisha kaunti mbili tu, watu 340 wakaanguka nje ya ukurasa. Lakini kwenye jumla walibaki! count() iliwahesabu wote 600 kwa uaminifu. Jumla ilikuwa kweli na ripoti ilikuwa uongo, kwenye karatasi moja.

Na majaribio yangu ya Mombasa na Kwale? 001 ni 1 kwa makumi na ni 1 kwa manane. Hadi 007, Garissa, hakuna tofauti. Pwani yote iko salama. Ukifika Wajir, 008, PHP ya leo inakataa kabisa, kwa sababu 8 si tarakimu ya manane. Laiti ningejaribu kwa Wajir, programu ingegoma na ningejua. Laiti ningejaribu kwa Nairobi, 047, ingekuwa nane nne na saba, 39, na wakazi wote wa jiji wangejikuta Bungoma. Nilichagua mifano rahisi, na mifano rahisi ikanipa jibu nililotaka kulisikia.

Najua kuna anayesema: "Hilo ni kosa la PHP. Python 3 iliondoa upuuzi huo mwaka 2008, ukiandika 017 inakukemea papo hapo. JavaScript nayo ina hali kali inayokataza tangu 2009." Kweli kabisa. Lakini ukijitetea kwa kubadilisha lugha hujaelewa kosa lako. Python itakukataza kuandika 017, nawe utafanya nini? Utafuta sifuri, uandike 17, uendelee na safari. Kesho utatengeneza orodha ya majina ya kaunti 47 kwa mpangilio wake na kuuliza orodha[17]. Orodha za Python huanza na nafasi 0, kwa hiyo nafasi ya 17 ni kaunti ya 18. Utapata Nyandarua. Ukiuliza orodha[15] ukitafuta Kitui, utapata Machakos. Watu wa Makueni wamehama tena, safari hii hadi mlimani kwenye baridi, na hakuna aliyekukemea.

Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba 017 ni nambari. 017 ni jina.

KISWAHILI KILISHATUAMBIA

Hapa ndipo ninapokasirika zaidi, kwa sababu sisi wasemaji wa Kiswahili hatuna kisingizio. Lugha yetu inatenganisha mambo haya kila siku tunapofungua kinywa.

Watu watatu. Hiyo ni idadi.

Mtu wa tatu. Hiyo ni nafasi.

Chumba nambari tatu. Hilo ni jina.

Tazama watu watatu na mtu wa tatu. Katika maandishi "watatu" na "wa tatu" zinatofautiana kwa nafasi moja tupu, na hakuna mtoto wa Kibwezi anayezichanganya. Ukimwambia mtoto "lete vikombe vitatu" haleti kikombe cha tatu. Lakini tukishika kibodi tunavunja vyungu vyote vitatu na kuvifanya kimoja, tunakiita "nambari", kisha tunashangaa mchuzi umemwagika.

Tena Kiswahili hakikuachi useme idadi ndogo bila kujua unahesabu nini. Wawili, viwili, miwili, mawili, mbili: lazima kwanza ujue ngeli. Sawa, kwenye sita na saba lugha inachoka (sita ni sita kwa watu na kwa viti), lakini somo lipo. Kitu kwanza, idadi baadaye. Programu zetu zinafanya kinyume: idadi kwanza, na kitu atakiuliza mwanasheria.

Jaribu hivi. Nambari yako ya simu, unaweza kuijumlisha na ya jirani? Upate nini? Basi si idadi, ni jina, na inapaswa kuandikwa kama jina, ndani ya alama za kunukuu. Kila mtu aliyewahi kufungua orodha ya simu kwenye programu ya jedwali ameona 0722 ikigeuka 722. Sifuri imetupwa kwa sababu mashine ilidhani ni idadi, na kwa idadi sifuri ya mbele ni takataka. Nambari ya kitambulisho ni jina. Msimbo wa kaunti ni jina. Nambari ya shule ni jina. Kitu usichoweza kukijumlisha wala kukitoa kwa maana yoyote, usikihifadhi kama idadi. Nukta.

UGOMVI WA SIFURI NA MOJA

Mafundi wenzangu wakisikia habari ya kuhesabu hukimbilia vita vyao vya zamani: je, orodha ianze na sifuri au na moja? Mholanzi Edsger Dijkstra aliandika waraka wake maarufu Agosti 1982 akitetea sifuri. C, Java, Python na JavaScript ziko upande huo. Fortran, R, MATLAB na Lua zinaanza na moja. Watu wamegombana miongo minne na bado wana pumzi.

Mimi nasema vita hivi vinatupotezea muda. Kiswahili kinaishi na mifumo yote miwili na hatujafa. Leo, kesho, kesho kutwa, mtondo, mtondogoo: leo ni sifuri, kesho ni moja, mtondo ni tatu. Hiyo ni kuhesabu hatua kutoka ulipo, na ndivyo C inavyohesabu. Lakini Jumamosi ni mosi, Jumapili ni pili, Jumatatu ni tatu, na huko tunaanza na moja. Na juma hilo hilo lina tano mbili! Jumatano ni ya tano kutoka Jumamosi, na kesho yake ni Alhamisi, neno la Kiarabu lenye maana ya tano, kwa kuwa Waarabu huanza Jumapili. Tumekaa na tano mbili zinazofuatana kwa karne nyingi na hakuna aliyekosa kwenda msikitini Ijumaa.

Kwa nini haituchanganyi? Kwa sababu Jumatano ni jina. Hatuitumii kama idadi. Matatizo huanza pale fundi anapoichukua na kuitupa kwenye hesabu. Python inaita Jumatatu 0, kwa hiyo Jumatano ni 2. JavaScript inaita Jumapili 0, kwa hiyo Jumatano ni 3. Kwetu ni 5. Ukipitisha tarakimu hiyo tupu kutoka programu moja hadi nyingine bila kusema imehesabiwa kutoka wapi, utamwita mgonjwa kliniki siku ambayo daktari hayupo. Tatizo ni kutosema umeanzia wapi. Anzia popote utakapo, lakini sema.

Na hata ukishasema, angalia unahesabu miti au nafasi kati ya miti. Shamba lenye upande wa mita 100, nguzo kila mita 10. Nguzo ngapi? Wengi husema 10. Ni 11, kwa sababu ile ya mwanzo nayo ni nguzo. Reli mpya iliyofunguliwa 2017 inapita Makueni kwenye vituo vya Emali, Kibwezi na Mtito Andei: vituo vitatu, safari mbili kati yao. Wazee waliochimba matuta ya fanya juu kwenye vilima vya Mbooni walilijua hili kwa mgongo. Fundi mwenye shahada analisahau kila Ijumaa jioni.

UNAHESABU NINI?

Sasa tuje kwenye jambo kubwa, maana kuna watakaosema haya ni madogo ya mbegu na nguzo.

Tarehe 4 Machi 2013 Wakenya walipiga kura. Matokeo ya awali yalipoanza kuonekana kwenye skrini, kura zilizokataliwa zilikuwa nyingi ajabu, zikapita laki tatu. Nchi ikashika pumzi. Baadaye tume ya uchaguzi ikaeleza kwamba kulikuwa na hitilafu ndani ya programu iliyokuwa ikizizidisha kura hizo mara nane. Hesabu ya mwisho ilikuwa 108,975. Fikiria hilo: nchi iliyotoka kwenye umwagaji damu wa 2007 na 2008, inaketi mbele ya televisheni, na orodha moja inazidishwa kwa nane. Kisha mtu aniambie ni len() tu.

Lakini hitilafu ile haikuwa jambo zito zaidi. Jambo zito lilikuwa swali. Katiba ya 2010, Ibara ya 138, inataka mshindi wa urais apate zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa. Je, kura iliyokataliwa ni kura iliyopigwa? Ukizihesabu, jumla ni 12,330,028, na Uhuru Kenyatta mwenye kura 6,173,433 anapata asilimia 50.07. Ukiziacha, jumla ni 12,221,053 naye anapata asilimia 50.51. Tume ilizihesabu. Mahakama ya Juu, tarehe 30 Machi 2013, ikasema zisihesabiwe katika asilimia. Safari hiyo mshindi alivuka kwa njia zote mbili, lakini kwa hesabu ya kwanza alivuka nusu kwa kura zisizofika 8,500 katika nchi nzima.

Wanaoandika hifadhidata wanaijua tofauti hii, ingawa hawaiiti kwa jina hilo. COUNT(*) huhesabu mistari yote. COUNT(mgombea) huruka mistari ambayo safu ya mgombea ni tupu. Herufi chache ndani ya mabano, na kila moja inatoa jibu sahihi kabisa kwa swali tofauti. Mashine haiwezi kukuchagulia swali. Ilihitaji majaji sita kuchagua.

Ibara hiyo hiyo inataka pia asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti. Nusu ya 47 ni 23 na nusu, kwa hiyo zaidi ya nusu ni 24. Lakini lugha nyingi zikigawanya 47 kwa 2 kwa nambari nzima hukupa 23 na kutupa ile nusu bila kusema. Fundi akiandika "23 au zaidi" badala ya "zaidi ya 23" ameshabadilisha Katiba kwa alama moja, bila bunge wala kura ya maoni.

Kuhesabu vizuri kunawezekana. Sensa ya 2019 haikuuliza tu "mko wangapi hapa?" Iliuliza waliolala hapo usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti. Kitu kikaelezwa kwanza: mtu, mahali, usiku mmoja. Ndipo tukapata Kitui 1,136,187 na Makueni 987,653. Tofauti ni watu 148,534. Idadi ya watu ni mojawapo ya vigezo vya kugawia kaunti pesa. Sasa jiulize ni lahajedwali ngapi, katika ofisi ngapi, zinabeba msimbo 017 bila alama za kunukuu.

HUJASIKIA BADO? BASI HIZI HAPA

Najua jibu la mwisho la wabishi: "Wewe ulikuwa mzembe, usitufanye sote wazembe." Nakubali sehemu ya kwanza. Nilikuwa mzembe. Lakini uzembe wangu ulipita mbele ya watu wanne wenye akili timamu, kwa sababu sote tuliamini kwamba nambari iliyochapishwa na mashine haihitaji macho. Kwa hiyo tangu 2022 sitoi ripoti bila mambo manne, na nataka nawe usipokee ripoti isiyo nayo, hata kama hujawahi kuandika programu maishani.

Kwanza, ripoti iseme imehesabu nini. Usikubali "600" tupu. Familia 600? Watu 600? Mistari 600 pamoja na iliyo tupu na iliyorudiwa?

Pili, majina yabaki majina. Misimbo, simu na vitambulisho viandikwe kama maneno. Na msihesabu watu kwa majina yao ya kuitwa, kwa maana ukiondoa "yanayojirudia" Ukambani utawafuta akina Mutua tisa ukidhani umesafisha data.

Tatu, sehemu zijumlishwe na zilingane na jumla, na pawepo mstari wa "wengineo" hata kama ni sifuri. Mstari huo ungenionyesha watu 340 waliokwama Tharaka-Nithi. Niliuacha kwa sababu ulikuwa unaharibu sura ya jedwali.

Nne, jaribu kwa mifano inayouma. Orodha tupu. Orodha ya mtu mmoja. Wa kwanza na wa mwisho. Wajir na Nairobi, pamoja na Mombasa.

Kurekebisha kwenyewe kulichukua dakika ishirini: alama za kunukuu kuzunguka msimbo, mara mia sita, kwa skripti. Kupata lori tena kulichukua siku nane. Katikati ya siku hizo mvua ya kwanza ikanyesha Mutomo. Wakamba hupanda kabla ya mvua ile au nayo, maana zikiwa chache (na mwaka ule zilikuwa chache), mbegu iliyochelewa juma moja inakuta udongo umeshaanza kukauka.

Tuliporudi, mwenyekiti alinipokonya karatasi kwa heshima zote. Akatoa daftari lake la shule, lenye majina yote kwa kalamu, kila jina na kijiji chake na jina la mlango wa baba. Akasoma moja moja, kila mtu akiitika anapiga alama, na mwisho wa kila ukurasa anahesabu alama na kuziandika pembeni, kisha anamwita karani azihesabu tena. Kurasa zilipoisha akajumlisha za pembeni. 340. Akahesabu pakiti zilizobaki kwenye lori. Akalinganisha. Ndipo akasema tumemaliza.

Susu alipochukua pakiti yake hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Leo niko?"

Nikamwambia, "Uko, susu."

Kijana wa kofia kule Wote, kama unasoma hapa: jibu lako lilikuwa nusu ya jibu. len() itakwambia orodha ina vitu vingapi. Nani yumo, nani ameachwa, na kitu ni nini, hayo ni maswali yako wewe, na yule bibi atakuuliza wewe, hatauliza Python.

Kwa leo naishia hapa. Tukijaliwa, juma lijalo nitaeleza jinsi ya kuandika ule mstari wa "wengineo" bila kuharibu sura ya jedwali. Siku njema.